Sauti ya Pili ya Mzee wa Funguo

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda cha Rangi.
Jumamosi, 14 Septemba

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu, za kaka yako, na za binti yetu ambaye ameolewa lakini chakula bado anakuja kula kwetu. Hujambo? Goti lako linasemaje? Uliniambia daktari amekupa mkanda wa kulifunga. Tafadhali usiufanye kama ile miwani yako, ukawa unauvaa wakija wageni tu. Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia, au bado anakiita mafua? Sisi huku tunakula, tunalala, tunaamka. Zaidi ya hapo itabidi nikueleze polepole.

Barua yako fupi nimeipata. Umeniuliza kama ni kweli kaka yako haongei siku hizi, na kama filamu mliyoiona huko ndiyo imemfanya hivyo. Ungepiga simu ningekujibu kwamba tuko salama, maana simu yetu iko sebuleni na yeye yuko sebuleni. Kwa hiyo nimekaa jikoni, mlango nimeurudishia, na kalamu ni ya huyohuyo binti yako, inavuja. Unisamehe kwa madoa.

Wewe uliondoka kabla filamu hizi hazijawa kitu, mengi umeyasikia kwa watu. Kaka yako aliingia kwenye filamu ya kwanza ya yule jasusi akiwa bado na nywele nyeusi. Mimi nilikuwa chumba cha mavazi, nikampunguzia mikono ya koti lililoshonewa mtu mwingine aliyeugua ghafla. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa nyumba ya siri, kumkabidhi jasusi ufunguo, na kumwambia, "Urudi mzima." Basi. Ukiinama kufunga kamba za viatu umeshamkosa. Lakini alivyoyasema maneno yale, wifi, watu walitoka ukumbini wakitaka kwenda kuwajulia hali baba zao.

Waliomwigiza jasusi walikuja wakapita. Wa kwanza alinenepa, wa pili aligombana na kampuni, wa tatu akataka filamu za mapenzi. Huyu wa sasa ni mtu mpole, mabega mapana, maneno machache. Kaka yako alibaki palepale mlangoni, filamu baada ya filamu, akiwapa funguo jasusi na wenzake, akizeeka huku watu wote wanamwona. Mtaani wakamwita Mzee wa Funguo. Halafu wakaanza kumletea watoto wao wanaosafiri.

Ilianza kama utani. Anayekwenda chuo, anayekwenda kufanyiwa upasuaji, bibi harusi mmoja na shela lake. Wanasimama getini, yeye anatoka na kandambili zake, anamshika mtu bega, anamwambia yale maneno. Nilikuwa namtania kwamba nyumba yangu ameigeuza ofisi ya uhamiaji. Ila nilikuwa naona anavyonyooka mgongo akisikia geti linagongwa.

Jirani yetu Mama Dawa, mwenye duka la dawa linalotazamana na sisi, naye alimleta mwanawe wa pekee. Kijana alikuwa anakwenda nchi ya mbali kuendesha malori ya mgodini. Kaka yako alimwambia kama alivyowaambia wengine. Kijana akaenda. Miezi ya mwanzo alipiga simu kila wiki, halafu zikawa za kubahatisha, halafu zikakatika kabisa. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Mama Dawa hakulia mbele za watu. Akimpima kaka yako presha alikuwa anamwambia, "Wewe ulimwambia arudi. Atarudi tu." Kaka yako anaitikia, anashukuru, anavuka barabara. Akifika ndani, presha yenyewe nilikuwa naisoma usoni mwake bila kipimo.

Mambo yalikuwa hivyo mwongozaji mpya alipokuja. Ni mtu mwenye sauti ya chini, wa kukuita mama kila baada ya neno. Alikaa kwenye kiti chako kile cha mito, akaweka mswada mezani, akasema, "Mzee, safari hii tumekuandikia kitu kikubwa. Si mlangoni tena." Ungemwona kaka yako. Alimsindikiza yule mtu mpaka kwenye gari na bado akabaki barabarani akilitazama likienda.

Alikaa dirishani akasoma. Mimi nilikuwa napiga pasi. Nilikuwa nasikia karatasi zinafunguliwa, moja baada ya nyingine, kisha sikusikia kitu. Nilipoinua uso alikuwa ameshika miwani mkononi na anautazama ukuta.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?"

"Msaliti. Tangu filamu ya kwanza. Kila niliyempa ufunguo, nilikuwa nimeshamuuza."

Nikazima pasi. Nilimwambia akatae. Nilimwambia watu wanaleta watoto wao kwenye geti hili, na yule mama hapo mbele bado anamsubiri mwanawe. Unamjua kaka yako, hagombani, anakuacha umalize. Nilipomaliza akasema, "Miaka yote hii nimesimama nikiwafungulia wenzangu. Wao wanaingia kwenye hadithi, mimi nabaki nje na koti langu. Leo wamenifungulia mimi, unaniambia nisiingie?" Nikaiwasha pasi tena, wifi. Mtu amefanya kazi moja maisha yake yote, akingoja aulizwe kama anaweza zaidi, halafu anaulizwa kwa namna hii.

Akaanza mazoezi. Siku moja nilikuwa uani naanika nguo, akanifuata. "Sikiliza," akasema. "Maneno hayajabadilika hata moja." Akanitazama, akakawia kidogo kuliko kawaida yake, kisha akasema, "Urudi mzima."

Hakupandisha sauti wala hakukunja uso. Alisita tu, kama mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui, na anakuhurumia kwa mbali. Nguo niliyokuwa nimeishika ilinidondoka mchangani. Yeye alikuwa anacheka, amefurahi kama mtoto aliyejua kupiga mluzi. "Umeona? Ni pale katikati. Ukisimama kidogo pale katikati, yote yanageuka."

Nilimwomba asiiseme tena sauti ile ndani ya nyumba yangu. Akakubali. Lakini nilikuwa namsikia bafuni, maji yanamwagika, na ile sauti inarudia na kurudia chini ya maji.

Siku ya kurekodi nilikwenda naye. Koti la zamani hawakulitaka. Walikuwa wamemshonea jipya, jeusi, lenye mabega ya kujaza. Nilimuuliza binti wa mavazi kwa nini, akaniambia mwongozaji anataka ionekane kwamba ndani ya mzee yule kulikuwa na mtu mwingine siku zote. Nilijifanya nakagua mshono ili asinione uso.

Chumba chenyewe walikijenga ndani ya studio, ukuta mzima una funguo zinazoning'inia. Jasusi anaingia, amejeruhiwa, amegundua. Kaka yako anakaa mezani, hashtuki, anaanza kuwataja wote waliokufa, mmoja mmoja, na mlango gani alimfungulia nani. Anawataja kwa upole, kama mtu anayekumbuka wanafunzi wake. Nilikuwa nyuma ya televisheni ndogo anayotazamia mwongozaji. Nimeishi na mwanaume huyu, nimemzalia, nimemfunga vidonda. Kwenye kile kioo sikumtambua.

Waliirekodi mara moja tu. Mwongozaji aliposema imetosha, hakuna aliyepiga makofi. Unajua huko kawaida wanavyopiga makofi hata kwa mbwa. Dada wa vipodozi alikuja kumfuta uso bila kumtazama machoni. Yule jasusi mpole, ambaye kila siku walikuwa wanakunywa chai pamoja na kusimuliana habari za nyumbani, alichukua kikombe chake akaenda kukaa na mafundi wa taa. Njiani tukirudi kaka yako aliniuliza, "Nimekosea mahali?" Nikamwambia hapana, umefanya vizuri mno. Nilisema kweli, na ndiyo iliyokuwa inanitisha.

Filamu ilipotoka, wiki ya kwanza kulikuwa kimya tu. Geti halikugongwa. Kinyozi wake alimnyoa vizuri kama siku zote, ila redio aliipandisha sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sokoni watu walikuwa wakitusogezea nafasi, ukadhani ni heshima, kumbe hakuna anayetaka kuguswa. Asubuhi moja tukakuta getini mtu amechora kwa msumari neno MSALITI, herufi kubwa, zimeingia mpaka kwenye chuma. Binti yako akaleta rangi akapaka. Jua likiwaka vizuri neno bado linasomeka kwa chini.

Nilidhani yatapita. Ni filamu, watu wana kazi zao. Ila kumbe walikuwa wamerudi kuzitazama zile za zamani. Binti yako alinionyesha kwenye simu: vipande vya filamu ya kwanza, ya tatu, ya sita, uso wa kaka yako umekuzwa na kuzungushiwa duara jekundu, na chini watu wameandika tazameni jicho lake, alikuwa anajua, alikuwa anajua tangu mwanzo. Wapo wanaomsifu kwamba ni mwigizaji wa ajabu, alificha siri miaka yote hiyo. Wapo waliosema mtu hawezi kuificha hivyo kama hana kitu cha namna hiyo moyoni.

Kaka yako akaomba aione. Akaitazama ile ya kwanza, yeye na nywele zake nyeusi, anampa mtu ufunguo. Akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Wanasema kweli," akasema. "Niliangalia pembeni."

"Uliangalia nini?"

"Sikumbuki. Labda taa. Labda mtu alipita." Akarudisha nyuma tena. "Sikumbuki kabisa."

Wifi, hapo ndipo nilipoogopa. Mtaa kumgeukia niliweza kuvumilia. Lakini alikuwa anajitazama mwenyewe kama wanavyomtazama wao.

Sasa nikuambie la Mama Dawa. Baada ya filamu aliendelea kutupa dawa, ila alikuwa anaziweka mezani na kuondoa mkono kabla hatujafika. Halafu mchana mmoja akavuka barabara. Alikuwa na koti jeupe la kazini. Nilimkaribisha, akakataa kukaa. Kaka yako akainuka kumpisha kiti, hivyo wakabaki wamesimama wote wawili katikati ya sebule yangu.

"Nina swali moja," akasema. "Siku ile getini, na mwanangu. Ulimwambia kwa sauti ipi?"

"Ile ya kwanza," kaka yako akasema.

"Nataka kuisikia."

Nikasema, "Mama, tafadhali," lakini hawakunisikia. Kaka yako akavuta pumzi. Akamtazama yule mama vizuri, kama alivyokuwa akiwatazama wale watoto, akasema. Ikatoka ile nyingine. Ilisimama palepale katikati.

Alitikisa kichwa, akasogea hatua, akaweka mkono begani kwa mama yule, akajaribu tena. Ikatoka vilevile. Nikaona jasho limemtoka chini ya masikio. Akajaribu kuisema haraka, ikawa kama kitisho. Akajaribu kuisema kwa kunong'ona, ikawa mbaya zaidi. Midomo ilikuwa yake, upole ulikuwa wake, lakini ile sauti ya kuwafanya watu wakawajulie hali baba zao haikuwepo tena. Alikuwa anaitafuta mbele yetu kama mtu anayejipapasa mifuko.

Mama Dawa akautoa ule mkono begani kwake, taratibu, bila hasira. "Ahsante," akasema. "Nilitaka tu kujua." Akavuka barabara akarudi dukani.

Tangu siku ile kaka yako hasemi. Si ugonjwa, daktari amemtazama koo na kichwa. Anaitikia, anaashiria, akihitaji chumvi ananyoosha mkono. Anaogopa atakachokisikia akifungua kinywa. Hilo hakuniambia, nimelijua mwenyewe.

Alizungumza mara moja tu, mwongozaji alipokuja tena, na mswada mwingine na keki. Alikuwa amechangamka. "Watu wanakuchukia vizuri sana, mzee," akasema. "Haijawahi kutokea. Filamu ijayo inaanza wewe unatoroka gerezani." Kaka yako akamsukumia ule mswada na kusema, "Hapana." Mwongozaji hakukasirika. Alifunga mkoba wake akasema, "Si lazima uje, baba. Uso wako tunao, sauti yako tunayo, vyote vimehifadhiwa kwenye kompyuta, tutakutengeneza humo. Tulikuja kukuomba kwa heshima tu." Keki ameiacha. Hakuna aliyeila.

Kwa hiyo mzee aliyeko sebuleni anajua kwamba mwaka ujao atatoka gerezani na kuua watu akiwa amekaa hapa kwenye kiti chake. Akifa mapema, ataendelea. Sikiliza ninavyokuandikia, kama mwendawazimu, lakini ndivyo alivyosema yule mtu.

Wiki iliyopita Mama Dawa alifunga duka. Kaka yako alimwona kupitia dirisha, ana sanduku. Akavaa viatu akatoka, mimi nikamfuata kwa mbali. Alilichukua lile sanduku mkononi mwake bila kuuliza, na yule mama akamwachia. Wakatembea hivyo mpaka kituo cha mabasi ya mbali, watu wakigeuza shingo. Pale kwenye foleni, waliokuwa mbele yao walisogea, na waliokuwa nyuma yao pia, wakabaki wawili wao tu kwenye sakafu tupu. Anakwenda kumtafuta mwanawe mwenyewe, mgodini. Ana umri kama wangu na hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Mlangoni mwa basi aligeuka. Nikajua anangoja. Kaka yako alifungua kinywa.

"Nyamaza hivyohivyo," Mama Dawa akamwambia. "Ni afadhali."

Akapanda. Basi likaondoka. Kaka yako alibaki amesimama pale mpaka mfagiaji akamwomba asogee.

Jumapili

Nilikuwa nimefikia hapo jana, nikaweka kalamu niinjike maharage, simu ikalia. Kaka yako ndiye aliyekuwa karibu, akaipokea. Nilisikia hajibu, nikadhani ni wale wanaopiga kutukana, nikaenda nimnyang'anye. Akaniinulia kiganja nisimame.

Alisimama na ile simu sikioni muda mrefu sana. Mkono wa pili ameushika ukuta. Maharage yaliungua, nikayasikia yanaungua na sikuondoka. Mwishowe laini ikakatika yenyewe, akaiweka chini kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Ni yeye," akasema. Kwa sauti kavu, ya mtu asiyeitumia. "Amefika. Amekuta begi la mwanawe kwenye bweni. Nguo zimekunjwa. Viatu vya kazi vipo, vya kutembelea vipo."

"Na kijana?"

"Wenzake hawamtazami usoni. Msimamizi amemwambia arudi kesho."

Nikamuuliza alimwambia nini. "Sikumwambia kitu," akasema. "Aliniomba nisikate tu. Alisema hana mtu mwingine wa kunyamaza naye."

Leo ndiyo hiyo kesho. Hajala. Amekaa na simu magotini, televisheni inawaka bila sauti, na kila gari likipita nje anainua kichwa. Mimi naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Sijui simu ikilia nitatamani aipokee yeye au niipokee mimi.

Wifi, usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Mwandikie habari za kawaida, za bustani yako na za yule paka mnene. Anapenda kusomewa barua zako.

Msalimie shemeji na mwambie kikohozi si cha kufichwa. Wasalimie mapacha na mwanao Mrefu, pamoja na mkewe ambaye bado hatujamwona. Mbusu yule mdogo, Kitukuu, mashavu yote mawili. Binti yako anakuamkia, anasema shikamoo shangazi, na amelichukua lile gauni uliloliacha, hatalirudisha.

Mungu aitazame nyumba yako na nyumba yangu, na awe karibu na yule mama popote alipo saa hii.

Ni mimi, wifi yako, nikupendaye bila kupungua.